Utando wa kuzuia unyevu kwenye karatasi: ni nini, na kwa nini wembamba wake ni muhimu

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana, na nyuzi hizo hupenda maji mno. Zikinyonya unyevu huvimba, mshikamano wao hulegea, na mfuko uliokuwa mgumu asubuhi huwa teketeke jioni. Utando wa kuzuia unyevu ni tabaka jembamba linalopakwa juu ya karatasi ili maji na mvuke wake visifike kwenye nyuzi, wala kwenye bidhaa iliyofungwa ndani.

Hapo kuna mambo mawili, na wauzaji wengi wa vifungashio huyachanganya. Kuzuia maji ni kazi moja, kuzuia mvuke ni nyingine. Maji hupimwa kwa kipimo cha Cobb: maji humwagwa juu ya kipande cha karatasi, aghalabu kwa sekunde 60, hukaushwa juujuu, kisha kipande hupimwa uzito kuona kimenywa gramu ngapi kwa kila mita mraba. Karatasi inaweza kufaulu hapo vizuri kabisa, tone likakaa juu yake kama lulu, na bado mvuke ukapita kimyakimya usiku kucha. Mvuke hupimwa kwa gramu zinazopenya mita mraba moja kwa saa 24.

Kwetu Mombasa, mvuke ndio adui mkubwa. Unyevu wa hewa yetu mara nyingi uko asilimia 75 na zaidi, na joto huuongezea nguvu. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi na jedwali la vipimo, muulize vimepimwa katika hali gani. Nambari nzuri iliyopatikana kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50 haitakusaidia Changamwe. Kuna hali ya kupimia iliyowekwa kwa ajili ya nchi za joto: nyuzijoto 38 na unyevu wa asilimia 90. Hiyo ndiyo ya kudai.

Mfano tunao hapa hapa mjini. Chai ya mnada wa Mombasa hukaushwa viwandani hadi unyevu wa kama asilimia 3, kisha hukaa maghalani ikingoja kuuzwa na kupakiwa melini. Ikivuta unyevu, ladha hupotea na ukungu huingia. Ndiyo maana magunia yake ya karatasi huwa na tabaka kadhaa, na la ndani mara nyingi huwa na foili ya alumini au plastiki. Gunia hilo hulinda chai barabara. Shida huja gunia likishatupwa, maana karatasi iliyogandishwa na plastiki au foili ni mzigo kwa wanaorejeleza.

Kwenye kiwanda cha kurejeleza, karatasi taka hutiwa ndani ya pipa kubwa la maji na kusukwasukwa mpaka nyuzi ziachane na kuwa rojo, kisha rojo huchujwa. Shiti ya plastiki huzuia maji yasiingie kwenye nyuzi, hivyo kazi huchukua muda mrefu, na mwishowe plastiki huchujwa vipande vipande huku nyuzi nzuri zikiwa bado zimeng'ang'ania. Karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba ikibandikwa plastiki ya gramu 20, sehemu moja kwa tano ya mfuko si karatasi tena. Utando mwembamba wa gramu 8 hupunguza sehemu hiyo hadi chini ya moja kwa kumi, na ukitengenezwa vyema hupasuka kuwa chembe ndogo na kuziachia nyuzi.

Utando huo hupakwa ukiwa majimaji, sawa na rangi ya emulsheni ya ukutani: chembe za polima, yaani mata ya jamii ya plastiki, zinaelea ndani ya maji, joto hukausha maji, chembe huungana kuwa ngozi moja. Baadhi huchanganywa na udongo wenye vipande bapa ili mvuke ulazimike kuzunguka njia ndefu kabla ya kutokea upande wa pili. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu vitundu vidogo vya tabaka la kwanza ni nadra kukutana na vya tabaka la pili. Udhaifu wake uko kwenye mikunjo. Karatasi ikikunjwa, utando waweza kupasuka pale pale, na mvuke hauhitaji mlango mpana.

Ukitaka kujua ulichonacho mkononi, chana ukingo wa mfuko polepole. Ngozi inayovutika ikining'inia kwenye mchano ni shiti ya plastiki. Ukikwaruza kwa ukucha na unga laini ukatoka, huenda ni nta, ambayo nayo huwasumbua wanaorejeleza.

Naamini tuanze na swali la bidhaa itakaa muda gani. Krispi za muhogo zinazoliwa zingali moto pale ufukweni Mama Ngina zinahitaji karatasi inayostahimili mafuta tu. Krispi hizo hizo zikienda kukaa dukani Kongowea wiki kadhaa, hapo utando wa mvuke ni lazima. Na chai ya kungoja miezi? Kwa ulinzi wa muda mrefu hivyo, utando mwembamba wa kupakwa bado haujaifikia foili, na anayemwambia mfanyabiashara vinginevyo anamtia hasara.