Mtindo wa kuzungumza wa kiongozi: maana yake na unavyomgusa mpiga kura

Mtindo wa kuzungumza wa kiongozi ni jumla ya mambo anayoyachagua kila anapofungua kinywa: msamiati, urefu wa sentensi, mifano, mizaha, mahali pa kunyamaza. Wengi hudhani ni suala la sauti nzito na kipaji cha kuchekesha umati. Hayo ni mapambo. Kiini chake ni nafasi anayopewa msikilizaji ndani ya kinachosemwa.

Tazama nafsi, yaani nani anayetenda katika sentensi. "Tutajenga barabara hii" ni nani huyo, serikali, chama, au mimi nanyi? Msemaji mjanja huuacha utata huo makusudi: ahadi ikitimia ni yake, ikikwama ni yetu sote. "Makosa yalifanyika" nayo humficha aliyekosea. Ukitaka kumpima mgombea, mtafute kwanza mtenda katika sentensi zake.

Mfano mzuri ni rais wa Marekani Franklin Roosevelt, Jumapili usiku ya Machi 12, 1933. Benki za Marekani zilikuwa zimefungwa kwa amri yake baada ya watu kukimbilia kutoa fedha zao. Redioni alianza na mwenye akaunti: ukiweka pesa benki, hazikai kabatini zikikungoja, benki huziwekeza na kuzikopesha, kwa hiyo hata benki imara haiwezi kuwalipa wateja wote kwa mkupuo. Baada ya hapo ndipo akataja zipi zitafunguliwa kesho yake na zipi zitafuata. Jambo lenyewe, sababu, kisha hatua. Katika siku zilizofuata watu walipanga foleni kurudisha pesa. Ila tusiyape maneno sifa yote: sheria ya dharura ya benki ilikuwa imepitishwa siku tatu kabla.

Ufupi husaidia, lakini si sharti. Hotuba ya rais wa Marekani Abraham Lincoln pale Gettysburg mwaka 1863 ilikuwa na takriban maneno 270. Kiongozi wa Cuba Fidel Castro alizungumza zaidi ya saa nne Umoja wa Mataifa mwaka 1960. Kinachomchosha msikilizaji zaidi ni kutojua hotuba inaelekea wapi.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi kwenye lugha ya ripoti. "Uwezeshaji wa kiuchumi kwa makundi maalumu" haimwambii mtu atapewa nini, lini, na ofisi gani. Mabilioni nayo hayashikiki mpaka yagawanywe kwa kaya au kwa mwezi. Halafu kuna kiongozi wa makamo anayejitia kusema misimu ya vijana. Vijana ndio wa kwanza kumcheka, kwa sababu misimu aliyoikariri wao walishaiacha.

Kosa zito kuliko yote ni kuwa na ndimi mbili, moja ya mkutano wa hadhara na nyingine ya wafadhili. Mei 2012 mgombea urais wa Marekani, Mitt Romney, aliwaambia wachangiaji wake faraghani kwamba asilimia 47 ya wananchi wangempigia kura mpinzani wake kwa vyovyote vile, kwa kuwa wanaitegemea serikali. Video iliyorekodiwa kwa siri ilitoka Septemba. Wapinzani hawakuhitaji kuongeza neno: wananchi walimsikia mwenyewe akiwataja kama "wao". Alishindwa Novemba, ingawa si video hiyo peke yake iliyomwangusha.