Kumwombea ndugu nyumba ya kaunsili Uingereza: yanayosemwa na yalivyo

Ndugu akizeeka, akiugua au akili ikichoka, kazi ya kumtafutia nyumba ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, humwangukia yule wa familia anayejua Kiingereza. Naye huanza kuuliza: msikitini, kanisani, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Majibu huja mengi na kwa nia njema, na baadhi yake humkosesha mgonjwa nyumba. Ninayoyaeleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

“Mpaka alale nje ndipo kaunsili imsikilize”

Si kweli, na imani hii inawaumiza wazee wengi. Tangu Aprili 2018, ilipoanza kutumika Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017, kaunsili inatakiwa kumsaidia hata mtu ambaye bado ana pa kulala lakini anaelekea kupapoteza ndani ya siku 56. Anayelala sebuleni kwa dada yake, na dada ameshamwambia kwamba hawezi kuendelea kumweka, anahusika. Hata mwenye chumba chake anaweza kuhesabiwa kuwa hana makazi ikiwa si haki kumtarajia aendelee kukaa humo, kwa mfano mtu wa kiti cha magurudumu aliye ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti.

Wengi hawaambiwi kwamba milango ni miwili. Upo wa daftari la wanaosubiri nyumba, na upo wa ombi la mtu asiye na makazi. Familia hujaza fomu ya daftari, ikarudi nyumbani ikidhani imemaliza, kumbe mlango wa pili haujaguswa. Huo wa pili ndio wenye makazi ya muda: kaunsili ikiwa na sababu ya kuamini kwamba huenda mtu hana makazi, huenda anastahili kwa makaratasi yake ya uhamiaji na huenda yumo katika kundi la kipaumbele, yaani wale wanaotangulizwa na sheria, inapaswa kumpa pa kukaa wakati uchunguzi ukiendelea. Kipimo hapo ni “huenda”. Akiambiwa kaunta kwamba alete kwanza ushahidi wote ndipo apewe chumba, mwulize ofisa kwa heshima akuandikie uamuzi huo na sababu zake.

“Mwandikie barua kwamba umemfukuza”

Ushauri huu unatembea sana. Ikiwa kweli huwezi kuendelea kuishi naye, andika hivyo, na ueleze kwa nini: watu saba katika vyumba viwili, au watoto wanaogopa usiku anapopiga kelele. Huo ni ukweli na una uzito. Lakini barua ya kupanga, huku mkiwa mmekubaliana vingine, ni hatari kwenu wote. Kusema uongo kwa makusudi katika ombi hili ni kosa la jinai, na kaunsili ikigundua mapatano inaweza kuamua kwamba mtu huyo amejikosesha makazi mwenyewe. Uamuzi huo ukishaandikwa, kuutengua ni kazi ngumu.

Ndivyo ilivyo pia kwa mpangaji aliyepewa notisi na mwenye nyumba. Notisi si amri ya mahakama. Asifungashe na kuhama ili “aonekane ana shida zaidi”. Apeleke notisi kaunsili siku hiyohiyo, aendelee kukaa, na atafute ushauri kabla ya kukabidhi funguo.

“Kutaja maradhi yake ni kumvunjia heshima”

Hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu yanapoangukia. Tumelelewa kumsitiri mzazi. Ofisa anauliza, “Mama anaendeleaje?” na mama, amevaa vizuri, anajibu, “Alhamdulillahi, sijambo.” Ofisa anaandika alichosikia. Hakuna aliyesema uongo, lakini karatasi sasa inaonyesha mtu mzima anayejiweza.

Kwa mtu mzima asiye na watoto wadogo, swali kubwa huwa ni kama udhaifu wake ni wa kutosha kumweka kwenye kundi la kipaumbele. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Hotak dhidi ya kaunsili ya Southwark, ilisema alinganishwe na mtu wa kawaida ambaye naye amekosa makazi: je, huyu ataumia zaidi kwa kiasi kikubwa? Kwa hiyo jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Kinachotakiwa ni kueleza ugonjwa huo utamfanya nini akiwa hana nyumba.

Tazama barua mbili za GP, yaani daktari wake wa kawaida wa mtaani. Ya kwanza inasema: “Ana kisukari, presha na maumivu ya magoti.” Ya pili inasema: “Anajidunga insulini mara nne kwa siku na akiba yake inahitaji friji. Sukari ikishuka huchanganyikiwa, hawezi kujisaidia, na amewahi kuchukuliwa na gari la wagonjwa. Hawezi kupanda ngazi bila kushikwa. Akikaa mahali pasipo na chakula cha uhakika, afya yake itazorota haraka.” Mgonjwa ni yuleyule. Ya kwanza inaweza kukataliwa kwa mstari mmoja, ya pili ofisa atalazimika kuijibu. Daktari ana dakika chache tu kwa kila mgonjwa, basi mpelekee maelezo mafupi ya siku mbaya zinavyokuwa, umwombe ayathibitishe yale anayoyajua.

Daftari la kawaida linasaidia sana. Andika tarehe na kilichotokea: usiku alipoacha jiko likiwaka, siku aliyopotea akitoka dukani, juma ambalo hakuoga. Andika kama kilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Ofisa anaamini kumbukumbu yenye tarehe kuliko “huwa anasahau sahau”.

Kesi hiyohiyo ya Hotak ina jambo jingine la kuangalia. Bwana Hotak, mwenye ulemavu wa kujifunza, alikuwa akisaidiwa na kaka yake, na Mahakama ilikubali kwamba msaada wa jamaa unaweza kuzingatiwa, mradi kaunsili iridhike kwamba utaendelea kuwepo kwa uhakika. Kwa hiyo ukijisifu mbele ya ofisa, “Mimi namfanyia kila kitu,” sema pia mpaka wako unapoishia. Unafanya kazi usiku? Una watoto wako? Unaweza kufika Jumamosi tu? Yaandikwe yote.

Kuhusu tafsiri, tafadhali usimfanye mtoto wa kiume awe mkalimani wa mama yake kwenye mahojiano haya. Mama hatasema mbele ya mwanawe kwamba hashiki mkojo, wala dada hatasema mbele ya shemeji yake kwamba mumewe alikuwa anampiga. Omba mkalimani wa Kiswahili kutoka kaunsili, na kama inafaa, omba mwanamke. Tangu 2021 aliyekosa makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani yumo kwenye kipaumbele bila kuhitaji kuthibitisha udhaifu mwingine, kwa hiyo neno moja lililofichwa kwa aibu linaweza kubadilisha uamuzi mzima.

“Mimi ni mwanawe, nitamsainia”

Udugu peke yake haukupi mamlaka. Mtu mzima anayeelewa mambo yake ndiye mwombaji. Wewe unahitaji idhini yake ya maandishi ili kaunsili izungumze nawe, na akitaka kitu usichokipenda, ndicho kitakachoandikwa. Kama akili yake haimwezeshi kuelewa ombi lenyewe, saini yako haizibi pengo. Hapo muite ofisa wa ustawi wa jamii kutoka kaunsili, aanze tathmini ya mahitaji yake ya matunzo. Familia ambazo mzazi wao bado ana fahamu nzuri zinafaa kumwuliza mwanasheria mapema kuhusu hati ya kumruhusu mtu amwakilishe, kwa sababu akishapoteza fahamu zake hawezi tena kuitoa.

“Mgeni hapati nyumba ya kaunsili”

Inategemea makaratasi. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi, au aliye na kibali cha kukaa bila kikomo na makazi yake ya kawaida yako hapa, kwa kawaida anaweza kuomba. Mwenye viza iliyoandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma hawezi, na kujaribu bila ushauri kunaweza kumharibia viza hiyo.

Wengi waliomleta mama au baba kutoka nyumbani wanashtushwa na kanuni moja. Mzazi aliyeingia kwa hati ya kudhaminiwa na mwanawe, yaani ahadi ya maandishi kwamba mwanawe atamtunza, hastahili kwa miaka 5 ya mwanzo, hata kama kibali chake ni cha kukaa bila kikomo, isipokuwa mdhamini amefariki. Lakini kutostahili nyumba hakumnyimi haki ya kutathminiwa mahitaji yake ya matunzo chini ya Sheria ya Matunzo ya 2014. Huo ni mlango mwingine na unapaswa kubishwa.

“Nyumba mbovu ikataeni, watawapa nyingine”

Hapa familia hupoteza kila kitu kwa siku moja. Kaunsili ikiwa imekubali jukumu la kumpatia makazi, kukataa nyumba inayoonekana kufaa kunaweza kumaliza jukumu hilo. Sheria inaruhusu akubali, aingie, na wakati huohuo aombe mapitio, yaani uamuzi uangaliwe upya, kwamba haifai. Akishinda, kaunsili itatakiwa kumtafutia nyingine. Akishindwa, bado ana paa juu yake.

Mapitio huombwa ndani ya siku 21 tangu kuarifiwa uamuzi. Barua kutoka kaunsili isikae kwenye droo ikisubiri mtu wa kuisoma. Ifunguliwe siku ileile, tarehe iandikwe juu yake, na utafutwe ushauri wa mashirika ya Shelter au Citizens Advice, au wakili wa mambo ya makazi. Kwa kesi za kukosa makazi, wenye kipato kidogo wanaweza kupata wakili kwa msaada wa serikali.