Anayekoroma huenda hajalala usingizi wa pono

Mtu akikoroma hadi kitanda kinatikisika, tunasema mwacheni, kachoka, usingizi umemnogea. Huenda ikawa kinyume. Mkoromo ni hewa inayojipenyeza kwenye koo lililolegea na kubanwa, na kwa wengine koo huziba kabisa.

Msikilize mwenzako. Anakoroma, ghafla kimya. Hesabu polepole: unafika kumi hajavuta pumzi, kisha anashtuka kama aliyeibuka majini na kuanza upya. Kimya hicho ndicho cha kuogopa kuliko kelele. Pumzi ikikatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 na kuendelea kwa saa, madaktari huanza kuuita ugonjwa. Ubongo humwamsha kila mara bila yeye kujua, ndiyo maana anaamka kichwa kinamuuma na mchana anasinzia kwenye usukani. Presha nayo hupanda.

Basi usiishie kuhamia sebuleni na mto wako. Mrekodi kwa simu (atakataa kwamba anakoroma, wote hukataa), mwende hospitali. Kulala ubavu, kuacha pombe ya usiku na kupunguza uzito husaidia. Wengine hupewa mashine ya kusukuma hewa puani, ambayo daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza mwaka 1981. Ukiivaa unafanana na rubani, lakini koo halizibi.