Je, wajua kwa nini udumavu umeshamiri kwenye mikoa yenye chakula tele?

Iringa, Njombe na Rukwa zinailisha Tanzania mahindi, maharage na viazi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta mikoa hiyo hiyo ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Iringa, karibu watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Njombe na Rukwa, karibu 50. Wastani wa nchi ulikuwa 30. Ghala limejaa, mtoto hakui. Inakuwaje?

Udumavu wenyewe ni mjanja. Mtoto anaweza kuwa na mashavu na akacheza siku nzima, ila ni mfupi kuliko umri wake, na kama kijiji kizima watoto ni wa kimo hicho, nani atashtuka? Mizani ya kliniki nayo inasema kilo tu.

Jibu liko kwenye bakuli la uji. Msimu wa palizi mama huondoka alfajiri. Anakoroga uji, anaufunika, na mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba au minane. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama kikombe kimoja cha chai, basi. Anahitaji kula kidogo kidogo, mara mbili hadi tatu kwa siku juu ya maziwa ya mama, na akifikisha miezi tisa ziwe tatu au nne. Uji wa asubuhi umepoa, nzi wameshauonja, na ni mwepesi: chota kijiko, ukiinamishe, unamiminika kama chai. Hapo mtoto anashibishwa maji. Hata ukiwa mzito, mahindi matupu yana upungufu wa laisini, kijenzi cha protini kinachopatikana kwenye maharage, dagaa na mayai. (Ule unga wa lishe wa mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama? Nafaka tano bado ni nafaka.)

Mayai yapo, tena banda liko uani. Yanauzwa. Pesa ya mavuno mara nyingi iko mfukoni mwa baba, ambaye siku ya somo la lishe kliniki hakuwepo. Kumfundisha mama peke yake, kwa maoni yangu, ni kumfundisha mpishi asiyeshika ufunguo wa stoo.

Halafu kuna mimba za kufuatana. Mtoto akidhoofu mama akiwa na mimba nyingine, watu husema amebemendwa, na lawama zinaishia chumbani kwa wazazi. Miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alikuta huko Ghana watu wa kabila la Waga wana neno lao, kwashiorkor (kwashakoo): ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Wazee wa pande zote mbili waliona sawasawa kwamba mtoto huharibika mwingine anapokuja. Kinachomharibu ni kuachishwa ziwa ghafla na kukabidhiwa ule uji mwepesi. Maziwa ya mjamzito hayageuki sumu, na kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha. Bibi akisema mwachishe leo, muulize kesho atakula nini.