Mazda RX-8 ya cc 1300, Toyota 86 ya cc 2000: ipi itakula mshahara wako?

"Fundi, hii ni cc 1300 tu, itanishinda nini?" Swali hili hunijia likiwa na picha ya Mazda RX-8 iliyong'arishwa vizuri, na bei ambayo kwa gari la spoti inaonekana kama imekosewa. Haijakosewa. Soko limeshapiga hesabu ambayo mnunuzi bado hajaipiga, na hesabu hiyo haiandikwi kwenye kadi ya gari.

Tumezoea kupima ulaji wa mafuta kwa cc kwa sababu kwenye magari tunayoyaendesha kila siku kipimo hicho kinatosha. Vitz ya cc 1000 inakula kidogo, Premio ya 1500 inaongeza kidogo, Harrier ya 2400 unaanza kuona vituo vya mafuta viko mbali. Lakini hayo yote ni magari ya pistoni. RX-8 haina pistoni hata moja. Ndani ya injini yake kuna rota mbili zenye umbo la pembetatu nene, kila moja inazunguka kwenye chumba chake, na kila moja inahesabiwa cc 654. Jumla 1308. Hapo kadi haijadanganya.

Tofauti iko kwenye mzunguko. Injini ya kawaida ya pistoni huhitaji krenki (shafti kuu ya injini) izunguke mara mbili ndipo kila silinda ivute hewa na mafuta mara moja. Rota huvuta mara moja kwa kila mzunguko mmoja wa shafti. Kwa hiyo zikiwa kwenye mizunguko ileile, rotari (injini ya rota) ya 1300 inameza hewa sawa na injini ya pistoni ya 2600, na mafuta yanafuata hewa. Wajapani wenyewe hawakukubali cc hizo zilivyo: kwenye kodi ya gari ya kila mwaka huko kwao, cc za rotari huzidishwa kwa 1.5 kabla ya kupangiwa daraja. Kwa maoni yangu hata hapo walimhurumia mwenye gari. Ongeza kwamba chumba cha kuchomea mafuta ni kirefu na chembamba, joto jingi linapotelea kwenye kuta na sehemu ya petroli inatoka kwenye eksozi bila kufanya kazi.

Sasa tuweke fedha mezani. Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi, ambazo kwa mtu anayeishi Tegeta, Dar es Salaam, na kufanya kazi mjini ni chache, na tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa RX-8 inayopambana na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, mimi huhesabu kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Chukua 5.5. Hizo ni lita 182, yaani shilingi 545,000 kwa mwezi. Toyota 86 yenye cc 2000, kwenye foleni hiyohiyo, huihesabia kilomita 9. Lita 111, shilingi 333,000. Gari lenye cc nyingi zaidi linakuachia zaidi ya laki mbili kila mwezi, karibu milioni mbili na nusu kwa mwaka. Ukilinganisha bei za kununulia, kumbuka kuihesabu tofauti hiyo kwa miaka unayotarajia kukaa na gari.

Mafuta hata hivyo siyo yanayowatoa watu machozi. RX-8 inachoma oili, na inaichoma kwa makusudi ya walioitengeneza. Kuna pampu ndogo inayodondosha oili ndani ya chumba cha rota ili kulainisha sili zilizo kwenye ncha za rota, kwa kuwa hakuna njia nyingine oili ingezifikia. Lita moja kwa kila kilomita 1,500 hadi 2,500 si ugonjwa. Ugonjwa ni mwenye gari aliyezoea Corolla, anayefungua boneti siku ya kumwaga oili tu. Oili ikishuka hadi taa iwake umeshachelewa. RX-8 hukaguliwa stiki ya oili kila baada ya kujaza mafuta mara mbili, na chupa ya oili ileile inayotumiwa kwenye injini hukaa kwenye buti. Nimeshaambiwa na wateja kwamba fundi wa awali aliifunga pampu hiyo "kuzuia ulaji wa oili". Huyo amezuia maji ya mgonjwa.

Halafu kuna plagi, na koili zinazozipa plagi umeme. Plagi ni nne, mbili kwa kila rota, na za juu si sawa na za chini. Ukizichanganya injini itakwambia. Koili nazo ni nne, na huchoka mapema kuliko watu wanavyodhani. Hapa ndipo ubahili unapogharimu zaidi ya kitu kingine chochote kwenye gari hili. Koili ikidhoofika, mafuta hayaungui yote. Yanakwenda kuungua ndani ya masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Masega yanayeyuka na kuziba. Moshi haupati pa kutokea, joto linarudi kwenye injini. Sili za ncha zinakufa. Mtu alikuwa anakwepa bei ya koili, sasa anatafuta injini. Nikipokea RX-8 isiyo na kumbukumbu za matengenezo, hubadilisha koili, plagi na nyaya zake zote kwa pamoja hata kama gari linanguruma vizuri, kisha namwambia mwenyewe aandike tarehe.

Jambo lingine la mazingira yetu: mlinzi. Gari limezuia geti, mlinzi anawasha, anasogeza mita kumi, anazima. Corolla haitajali. Rotari iliyowashwa baridi na kuzimwa papo hapo inabaki na petroli mbichi ndani, plagi zinalowa, na jioni haiwaki. Kila akijaribu kuwasha, starta na betri vinaumia. Ufunguo wa RX-8 hauachwi getini.

Watu huniuliza kama haya ni majungu ya mafundi wasioijua rotari. Si majungu. Mwaka 2008 Mazda yenyewe iliongeza dhamana ya kiini cha injini ya RX-8 huko Marekani hadi miaka 8 au maili 100,000, na kiwanda hakiongezi dhamana kwa raha. Ni injini nzuri ajabu, inayopenda mizunguko hadi 9,000 kwa dakika kwenye toleo la gia sita za mkono, na kuiendesha kwa woga chini ya mizunguko 3,000 kila siku kunaijaza kaboni. Hapo pia pana gharama: gari linataka likimbizwe, nawe uko Mwenge kwenye foleni.

Kwa hiyo mteja anayesisitiza namwambia atenge shilingi laki mbili kila mwezi kwa ajili ya injini peke yake, tangu mwezi wa kwanza, hata kama haina tatizo. Ukiona kiasi hicho ni kikubwa, basi umeshajijibu.

Toyota 86 nayo si malaika. Injini yake FA20 imetoka Subaru, imelala ubavu, na plagi zimebanwa kati ya injini na chesisi, kwa hiyo kazi ya plagi ambayo kwenye Premio ni ya dakika chache hapa inakula nusu siku ya fundi na bei inapanda ipasavyo. Mwaka 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari ya matoleo ya mwanzo wabadilishe springi za vali, kazi ambayo hufanywa injini ikiwa imeshushwa. Ukiagiza la 2012 au 2013, mtake muuzaji aonyeshe kwa namba ya chesisi kama kazi hiyo ilifanyika. Na isome hali yake kwenye karatasi ya mnada wa Japani: 86 ni gari ambalo vijana wa Japani hulipenda kwa kuteleza na kona, na alama ya R au RA maana yake limeshagonga na kutengenezwa.

Unachopata ni chasi nyepesi inayosamehe mfuko. Toleo la magurudumu ya inchi 17 lilitoka kiwandani na matairi ya 215/45, aina ileile ya tairi iliyowekwa kwenye baadhi ya Prius. Walitaka gari liteleze kwa urahisi, nasi tumepata tairi ya bei ya kibinadamu. Linganisha na Nissan Fairlady Z ya Z33: mbele 225/45 inchi 18, nyuma 245/45. Mapana tofauti hayahamishiki mbele kwenda nyuma, kwa hiyo nyuma yanakwisha kabla ya mbele na unanunua jozi kila mara. Z33 za mwanzo pia zina tabia ya kula tairi za mbele upande wa ndani, mahali usipopaona mpaka uiname. Injini yake ya 3500 ni ngumu na haina usumbufu, ila kiu yake haihitaji maelezo.

Kuhusu spea, pita maduka ya mtaa wa Gerezani na useme Subaru au Toyota, utajibiwa. Sema RX-8, utaulizwa kama unauza. Sili, koili na sensa nyingi utaagiza, na gari linalosubiri kifurushi ni gari ambalo unalipia bolt au daladala juu yake. Bima ni nafuu kidogo kwa RX-8 kwa kuwa bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani: kwa kiwango cha asilimia 3.5 kinachotumika sana kwa magari binafsi, gari la milioni 20 ni 700,000 kabla ya VAT. Usichukue bima ndogo eti gari lilikuwa rahisi. Taa moja ya mbele ikivunjika utaelewa.

Kabla ya kulipa RX-8 yoyote, fanya mambo mawili. La kwanza halina gharama: liendeshe hadi injini ipate moto kamili, zima, subiri dakika kumi, washa. Starta ikizunguka muda mrefu ndipo injini ishike, sili zimechoka, ondoka. La pili ni kupima kompresheni (nguvu ya injini kugandamiza hewa) kwa kifaa cha rotari, kinachosoma pande tatu za kila rota. Geji ya kawaida ya pistoni hutoa namba moja tu na huficha upande uliokufa. Kiwango cha chini cha kiwanda ni kPa 680 starta ikizungusha mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya pande za rota moja isizidi kPa 150. Muuzaji akikwambia gari halihitaji kupimwa kwa sababu "linawaka vizuri tu", angalia kama injini imeshapashwa moto kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti.