Jr., Sr., II na III: herufi zinazofuata jina mgongoni mwa jezi zina maana gani?

Ukipekua jezi za mtumba kutoka Marekani, pale Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, hukawii kukutana na zile pana za mpira wa Kimarekani, mchezo wa kofia ngumu na mabega ya kujazia. Mgongoni, juu ya namba, kuna jina la ukoo, na mara nyingine baada ya jina kuna kitu cha ziada: GRIFFIN III, HARRISON JR., SURTAIN II, SMITH SR. Wapo wanaodhani ni saizi, au toleo la jezi. Wala si hivyo. Ni kipande cha jina la mchezaji mwenyewe, na kinaeleza yeye ni wa ngapi katika familia yao kulibeba jina hilo.

Tuanze na Jr., kifupi cha Junior, kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi. Wamarekani wana desturi ya baba kumpa mwanawe jina lake lote kama lilivyo: la kwanza, la kati na la ukoo. Hapo nyumba moja inakuwa na watu wawili wenye jina lile lile, barua zinachanganyika, benki inachanganyikiwa, na inabidi pawepo alama ya kuwatenganisha. Mtoto anapewa Jr., na baba, ambaye miaka yote alikuwa hana nyongeza yoyote, anageuka kuwa Sr. Yaani Sr. haandikishwi mtu akizaliwa. Anaipata siku mwanawe anapopewa jina. Mtoto wa Jr. naye akirithishwa jina hilo hilo, anakuwa III, yaani wa tatu, kwa namba za Kirumi. Anayefuata ni IV, kisha V. Will Fuller, aliyesajiliwa mwaka 2016 na Houston Texans, timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ni wa tano. Jina lake kamili ni William Vincent Fuller V, na ile V ya mwisho si herufi ya kufupisha jina lolote. Ni tano.

Namba II ndiyo inayowapiga chenga wengi. Kwa desturi ya zamani, II hupewa mtoto aliyerithi jina la babu, la ami au la ndugu mwingine wa ukoo, si la baba. Siku hizi mpaka huo umefifia. Patrick Surtain II, beki wa Denver Broncos, amerithi jina la baba yake, Patrick Surtain, ambaye naye alicheza ligi hiyo hiyo. Kwa kanuni za mababu angeitwa Jr., lakini familia imechagua II na hakuna wa kuwauliza, maana hii ni mila tu, si sheria. Kuna hata Gardner Minshew II, mrusha mpira aliyepata umaarufu akiwa Jacksonville Jaguars, ambaye baba yake anaitwa Flint na ambaye hakutanguliwa na Gardner Minshew wa kwanza yeyote. Wa pili bila wa kwanza! Sijui mtu utamlalamikia nani.

Sasa, jina liliingiaje kwenye jezi? Mwaka 1960 ligi ya AFL, iliyokuwa changa na ikitafuta watazamaji wa televisheni, iliweka majina ya wachezaji mgongoni. Ligi kongwe ya NFL ilifuata mwaka 1970, ligi hizo mbili zilipoungana. Kanuni ya NFL ni kali kuliko tulivyozoea sisi wa soka: linaandikwa jina la ukoo, kwa herufi zenye kimo kisichopungua inchi 2.5, karibu sentimita 6, juu ya namba. Majina ya utani ni marufuku. Chad Johnson wa Cincinnati Bengals, aliyevaa namba 85 na kujiita Ocho Cinco, yaani nane tano kwa Kihispania, alipigwa faini kwa kubandika jina hilo kwenye jezi wakati wa kupasha misuli. Akaenda mahakamani akabadilisha jina rasmi mwaka 2008, akawa Chad Ochocinco kwa sheria, na msimu wa 2009 jina hilo likakaa mgongoni. Miaka minne baadaye alirudi kuwa Johnson.

Katika mazingira hayo ya ukali ndipo aliingia Robert Griffin III. Alitoka Chuo Kikuu cha Baylor akiwa na tuzo ya Heisman ya mwaka 2011, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo, na mwaka 2012 timu ya Washington ikamchukua wa pili katika usajili wa chipukizi. Baba yake ni Robert Griffin Jr., babu yake Robert Griffin. Mwaka huo NFL ililegeza kanuni na kuruhusu nyongeza ya kizazi ihesabiwe kuwa sehemu ya jina la ukoo, na Griffin akawa mchezaji wa kwanza katika ligi kuu nne za Marekani, yaani mpira wa Kimarekani, kikapu, besiboli na magongo ya barafuni, kuvaa namba ya Kirumi mgongoni. Watangazaji wakamfupisha RG3, na jezi yake ikauzika kuliko za wenzake wote msimu ule. Kwa maoni yangu hapo ndipo jambo hili lilipogeuka fasheni. Vijana waliomtazama Griffin wakiwa shuleni ndio hao walioingia ligi miaka iliyofuata, kila mmoja na Jr. yake.

Ila tazama kwa makini, kuna kituko. Jr. inatenganisha watu wawili wenye jina kamili linalofanana. Marvin Harrison Jr. ni Jr. kwa sababu baba ni Marvin na yeye ni Marvin. Lakini kwenye jezi hakuna Marvin. Kuna HARRISON JR., na Harrison ni jina la ukoo ambalo hata ndugu zake wanalo, nao si Jr. wa mtu. Kilichorithishwa hakionekani, kinachoonekana ni alama ya urithi, imebandikwa kwenye jina ambalo halikuihitaji. Tena uwanjani haimsaidii mtu kumtambua mchezaji. Kazi hiyo inafanywa na namba. Mwamuzi anatangaza namba, mtangazaji anatafuta namba, na kutoka jukwaani ile JR. ndogo huioni kabisa.

Basi kwa nini waiweke? Kwa sababu inamzungumzia baba. Marvin Harrison mkubwa alicheza Indianapolis Colts misimu 13, mwaka 2002 akadaka pasi 143, rekodi iliyodumu hadi 2019, na mwaka 2016 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Kijana wake alipochaguliwa wa nne na Arizona Cardinals mwaka 2024, hakuchukua namba 88 ya mzee; alivaa 18. Jina ndilo lililobeba ukoo. Joey Porter Jr. alikwenda mbali zaidi: mwaka 2023 alisajiliwa na Pittsburgh Steelers, timu ile ile aliyotamba nayo baba yake. Mashabiki wa Pittsburgh wenye jezi ya PORTER kabatini sasa wanaona PORTER JR. uwanjani, na hapo, tukubali, ile nyongeza inafanya kazi ya kweli.

Kuna upande mwingine usiotajwa sana. Wengi wanaovaa nyongeza hizi ni Wamarekani weusi. Majina yao ya ukoo, katika familia nyingi, yalitoka kwa waliowamiliki mababu zao enzi za utumwa, au yalichaguliwa tu baada ya uhuru wa mwaka 1865. Jina la kwanza ndilo baba aliloweza kulitoa kwa hiari yake. Kumpa mwana jina lote na kumhesabu wa pili au wa tatu ni kusema kwamba ukoo huu una kumbukumbu na baba anajulikana. Mimi nikiiona III mgongoni naisoma hivyo.

Sr. ina kisa chake. Kwa miaka kadhaa NFL ilikuwa na wapokea pasi wawili walioitwa Steve Smith, mmoja Carolina Panthers, mwingine New York Giants, nao si ndugu. Yule wa Carolina, mfupi wa kimo na mkali wa ulimi, alihamia Baltimore Ravens mwaka 2014 na jezi yake ikasomeka SMITH SR. Nyumbani kuna Steve Jr. Ni nadra mwana kumpandisha baba cheo mgongoni mwa jezi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na wapo wasioitaka. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs kwenye vyeti ni Patrick Lavon Mahomes II; baba yake, Pat, alikuwa mrushaji katika ligi kuu ya besiboli, na mtoto wa kiume aliyezaliwa 2022 ni wa tatu. Jezi namba 15 inasema MAHOMES tu. Kanuni inaruhusu, hailazimishi. Odell Beckham Jr. kwa upande wake aliivaa, na kwa wasomaji wa soka niseme mapema: hana undugu wowote na David.

Kwenye kikapu mfano unaojulikana zaidi kwetu ni wa Lakers. Tarehe 22 Oktoba 2024 LeBron James na mwanawe Bronny walicheza pamoja dhidi ya Minnesota, baba na mwana wa kwanza kufanya hivyo katika NBA. Bronny ni jina la nyumbani. Kwenye vyeti ni LeBron Raymone James Jr. Baba mgongoni ana JAMES, kijana ana JAMES JR. Hapa ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo nyongeza ilitumika kwa kazi yake ya asili: watu wawili, jina moja, timu moja, usiku mmoja.

Kwenye soka, nchi ya nyongeza ni Brazili, na kule mambo yana mantiki zaidi. Mchezaji wa Brazili huvaa jina analoitwa mtaani, mara nyingi la kwanza, kwa hiyo nyongeza inakaa penye jina lililorithiwa kweli. Neymar da Silva Santos Júnior ni mtoto wa Neymar, mchezaji wa zamani ambaye ndiye anayesimamia mikataba yake. Jezi ikisema NEYMAR JR maana yake imekamilika. Vinícius José Paixão de Oliveira Júnior wa Real Madrid anavaa VINI JR. Mbali na Júnior, Wabrazili wana Filho kwa mwana, Neto kwa mjukuu aliyepewa jina la babu, na Sobrinho kwa mpwa. Wakati mwingine nyongeza inameza jina zima: kipa Norberto Murara Neto, aliyepita Juventus na Barcelona, amevaa NETO maisha yake yote ya soka. Mgongoni aliandikwa “mjukuu”, basi. Juninho Pernambucano, fundi wa mipira ya adhabu wa Lyon, aliitwa Antônio Augusto Ribeiro Reis Júnior. Juninho ni Júnior mdogo, nyongeza iliyoongezewa nyongeza.

Ile “-inho” ya udogo nayo imewahi kutenganisha watu. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Ronaldo Nazário alivaa RONALDINHO kwa sababu kikosini kulikuwa na Ronaldo mwingine, beki Ronaldo Guiaro, aliyemzidi umri. Baadaye alipotokea kijana wa Porto Alegre naye akiitwa Ronaldo, “-inho” ikahamia kwake, na huyo ndiye Ronaldinho tunayemjua.

Kwetu Afrika Mashariki utaratibu wa majina hauzai Jr. kwa urahisi. Jina la baba linakuwa la pili kwa mtoto, la babu la tatu, na kila kizazi kinasogea hatua moja. Ndugu wawili wa damu wanaweza hata wasifanane mgongoni: McDonald Mariga alicheza Inter Milan na jezi ya MARIGA, mdogo wake Victor akacheza Celtic, Southampton na Tottenham na jezi ya WANYAMA, jina la baba yao Noah, aliyechezea AFC Leopards. Junior tunaye, tena kila mtaa, lakini kwetu limekuwa jina la kubembeleza mtoto wa kiume, hata kama baba ni Hamisi na mtoto ni Brayani. Mama yake ataitwa Mama Junior mpaka uzeeni. Afrika ya Wafaransa wana Fils, yaani mwana, ambayo Samuel Eto'o anayo kwenye jina lake kamili ingawa jezi ilisema ETO'O tu.

Kwa wanaoandika habari za michezo: Jr. na Sr. hukaa mwisho wa jina, kwa hiyo ni Marvin Harrison Jr., kamwe si Junior Harrison. Koma kabla ya Jr. ni ya uandishi wa kizamani, na kwenye jezi haiwekwi. Namba za Kirumi zisomwe wa pili, wa tatu, wa tano, kama tunavyosoma majina ya wafalme na mapapa. Na ukimtaja Mahomes, mwache bila kitu, alivyochagua mwenyewe.