Moyo wa mtoto tumboni: yanayosemwa kwenye benchi la kliniki

Benchi la kliniki ya wajawazito hapa Moshi lina maneno mengi, na moyo wa mtoto una sehemu yake kubwa. Mengine hayadhuru. Moja linaniuma, nitalifikia.

Dhana: Moyo ukienda mbio, mtoto ni wa kike.
Si kweli. Mtoto wa kike na wa kiume wote mapigo yao huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, yakipanda na kushuka kadiri mtoto anavyolala na kucheza.

Dhana: Mashine ya kusikilizia ina mionzi.
Si kweli. Mashine hiyo, dopla, hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliwezi kuyasikia. Yakigonga moyo unaopiga, hurudi yamebadilika, na mashine huyageuza kuwa ule mshindo kama wa farasi. Hakuna eksirei humo.

Dhana: Mkunga anayesikiliza moyo wa mtoto kwa pembe amepitwa na wakati.
Ile pembe aliibuni daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, na mpaka leo mkunga aliyeizoea husikia nayo vizuri, bila umeme wala betri. Pengo liko kwingine. Mama akishakolea uchungu, moyo wa mtoto usikilizwe kila dakika 15 hadi 30. Akianza kusukuma, kila dakika 5. Mkunga mmoja mwenye akina mama sita usiku ataweza vipi? Ndiyo maana watafiti walijaribu hapa Tanzania, Haydom kwa jirani zetu wa Manyara na pia Dar es Salaam, kifaa kinachofungwa tumboni kwa mkanda na kufuatilia mapigo mfululizo. Kinaitwa Moyo, kwa Kiswahili hichohicho. Mama hachomwi popote. Kilinasa mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi kuliko kusikiliza kwa vipindi. Lakini kunasa tatizo ni mwanzo tu. Lazima awepo wa kuchukua hatua, na chumba cha upasuaji kiwe tayari.

Dhana: Mtoto akikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza, na moyo ukisikika basi yuko salama.
Hili ndilo linaloniuma. Mtoto hubadilisha namna ya kucheza nafasi inapobana, lakini hapaswi kupunguza. Na moyo uliosikika saa hii unakuambia habari za saa hii tu.

Wifi yangu alikuwa na mimba ya wiki 37 mtoto alipotulia mchana kutwa. Nyumbani wakamwambia ajilaze, anywe uji, angoje asubuhi. Jirani akaleta kidopla alichonunua mtandaoni, wakasikia mapigo, wakashukuru Mungu. Kumbe yalikuwa ya mama mwenyewe. Asiye na mafunzo hukosea hapo kwa urahisi, kwa sababu damu ya mama nayo inapita tumboni humo humo. Roho yake haikutulia. Akapanda bodaboda usiku ule ule, akafanyiwa upasuaji kabla ya alfajiri. Binti yake sasa anakula mtori kwa kijiko mwenyewe.

Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama mama mkwe amesema ungoje. Na mkunga akimaliza kusikiliza, muulize: "Mapigo ni mangapi, dada?" Namba hiyo ni haki yako kuijua.